Namna ya Kuwa Mzazi Ambaye Kijana Humweleza Mambo ya Shule

Mzazi akiulizwa amefanya nini kwa ajili ya elimu ya mwanawe, kwa kawaida hutaja mambo yanayohesabika: karo aliyolipa, vitabu alivyonunua, masomo ya ziada aliyogharimia, jioni alizokaa mezani akisimamia kazi za nyumbani. Yote hayo yana uzito wake. Hata hivyo, ukizungumza na vijana waliokatiza masomo, au walioingia kozi wasiyoitaka, au waliobaki nyuma katika somo moja hadi likavuta na mengine, utasikia jambo linalojirudia: tatizo lilikuwapo kwa miezi mingi kabla mzazi hajalijua, na muda wote huo kijana mwenyewe alilijua na kulinyamazia. Mwongozo huu unahusu ukimya huo. Unaeleza namna ya kujenga uhusiano ambao ndani yake habari za shule, hasa zile mbaya, humfikia mzazi zikiwa bado zinarekebishika. Ninaposema mzazi ninamaanisha pia mlezi yeyote, awe shangazi, babu au kaka mkubwa, maadamu ndiye ambaye kijana humkuta nyumbani jioni.

Pima unachokijua, na namna ulivyokijua

Mwaka 2000, watafiti Margaret Kerr na Håkan Stattin walichapisha uchunguzi waliofanya miongoni mwa vijana wa miaka 14 nchini Uswidi pamoja na wazazi wao. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mzazi anayejua mienendo ya mwanawe ni yule anayefuatilia sana: anayeuliza, anayeweka masharti, anayetaka taarifa kamili kabla ya kijana kutoka nyumbani. Uchunguzi huo ulionyesha vingine. Sehemu kubwa ya yale ambayo wazazi waliyajua ilitokana na vijana kusimulia wenyewe kwa hiari yao, na mchango wa kuuliza na kudhibiti ulikuwa mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Ni kweli kwamba kijana ambaye mambo yake yanamwendea vizuri huwa mwepesi wa kusimulia, kwa hiyo si rahisi kutenganisha sababu na matokeo. Hata hivyo, matokeo hayo yanamwachia kila mzazi swali linalomhusu: haya ninayoyajua kuhusu mwanangu, nimeyajuaje?

Chukua karatasi ujijibu kwa maandishi. Andika somo linalompa shida kwa sasa, mwalimu anayemwogopa, rafiki anayesoma naye, na jambo linalomtia wasiwasi kuhusu mwaka ujao. Kando ya kila jambo andika ulivyolijua: alikuambia bila kuulizwa, alikuambia baada ya kubanwa, uliambiwa na mwalimu au ndugu yake, au uliliona kwenye ripoti. Ukikuta kwamba hakuna hata jambo moja alilokuambia mwenyewe, au kwamba huna cha kuandika kabisa, hapo ndipo pa kuanzia.

Usianze kwa kuongeza maswali. Maswali ya mfululizo, hasa yale yanayomkuta kijana mlangoni akiwa bado na mkoba begani, humzoesha majibu ya neno moja. Tafuta badala yake shughuli ambayo mikono yenu ina kazi na macho hayatazamani, kama vile kuosha vyombo, kufua au kutembea kwenda mahali, kisha wewe mwenyewe usimulie jambo lililokutatiza siku hiyo na namna ulivyolishughulikia au ulivyoshindwa. Kijana akiona kwamba mtu mzima anaweza kutaja kushindwa kwake bila kuporomoka, naye hupata namna ya kutaja kwake. Usitarajie malipo ya papo hapo. Mara kadhaa za mwanzo atasikiliza tu, na hilo latosha.

Siku ya ripoti

Hakuna saa inayoamua zaidi kama kijana ataendelea kusema ukweli kuliko ile ya kupokea matokeo mabaya, ndiyo maana nitaikalia zaidi kuliko mambo mengine. Katika nyumba nyingi jicho la mzazi hukimbilia nafasi ya mwanafunzi darasani, na swali la kwanza huwa "Umekuwa wa ngapi?" Kijana amesimama pembeni akiusoma uso wa mzazi kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitabu chochote, na kabla neno la pili halijatamkwa amekwisha kuamua kiasi cha ukweli atakachokitoa.

Tazama mazungumzo haya ya kubuni, ambayo hata hivyo yanafanana na yanayotokea kila mwisho wa muhula.

"Baba, hisabati nimepata 34."

"Asante kwa kuniambia kabla sijaifungua. Kaa hapa tuitazame pamoja. Ni sehemu gani iliyokushinda?"

"Nilianza kupotea tulipoingia kwenye aljebra."

"Lini hiyo?"

"Muhula uliopita."

Mpaka hapa baba huyu amefanya vizuri, lakini sasa ndipo mtihani wake mwenyewe unapoanza. Ulimi unawasha kusema, "Na muda wote huo ulikuwa umekaa kimya?" Swali hilo lina haki yake, ila likitamkwa wakati huu linamwadhibu kijana kwa kusema ukweli, kwa sababu angejibu tu "sijui" asingeulizwa. Jibu lenye faida ni lile linalorudi kwenye kazi: "Basi tunajua pa kuanzia. Tulete daftari la muhula uliopita." Suala la ukimya linaweza kuzungumzwa siku nyingine, kwa utulivu, tena kwa namna ya kumuuliza ni kitu gani kilichomzuia kusema.

Kwa hiyo siku hiyo fuata utaratibu ufuatao. Soma ripoti yote kimya hadi mwisho, pamoja na maoni ya walimu, kabla ya kufungua mdomo. Anza na swali kuhusu kazi, kwa mfano somo lipi matokeo yake yamemshangaza na lipi aliyatarajia, kwa sababu tofauti kati ya mawili hayo itakuonyesha kama anajitambua kimasomo au anabahatisha. Usimtaje ndugu yake wala mtoto wa jirani. Uamuzi wowote mzito, uwe wa kumnyang'anya simu, kumhamisha shule au kumtafutia mwalimu wa ziada, uahirishe hadi kesho yake. Alama hazitabadilika usiku huo, na uamuzi wa hasira mara nyingi hulazimika kutenguliwa, jambo linalopunguza uzito wa neno lako. Kama kuna adhabu inayostahili, mathalani kwa utoro, itolewe kwa utoro huo, na kijana aelezwe waziwazi kwamba ingekuwa kali zaidi kama asingekuja kusema mwenyewe.

Sifa zinazomfunga mdomo

Inashangaza kwamba hata kusifu kunaweza kuzaa uficho. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa matokeo ya majaribio yao na wanafunzi wa darasa la tano nchini Marekani. Baada ya kufaulu zoezi la kwanza, baadhi ya watoto walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa zoezi gumu wakashindwa. Waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi zaidi, na walipotakiwa kuwaandikia wanafunzi wengine kuhusu alama zao, wengi zaidi katika kundi hilo waliziongeza. Jina la mwenye akili lilikuwa limegeuka mali ya kulindwa, hata kwa uongo. Majaribio ya baadaye ya kugeuza fikra hizo kuwa programu za shule yameleta faida ndogo kuliko ilivyotangazwa, kwa hiyo nisingemshauri mtu ajenge malezi yote juu yake, lakini kwa mazungumzo ya nyumbani funzo lake ni jepesi na halina gharama.

Sifia kitu alichokifanya ambacho anaweza kukirudia: alivyopanga insha yake upya baada ya kukosolewa, alivyomfuata mwalimu kuuliza, alivyokaa na swali moja hadi likafunguka. Usisifie bidii isiyokuwapo. Kijana wa miaka 15 hujua vyema alipolipua kazi, na akisifiwa kwa hiyo hukuhesabu kuwa mtu usiyetazama.

Kazi za nyumbani: kaa karibu, usishike kalamu

Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya na kulinganisha tafiti nyingi kuhusu ushiriki wa wazazi katika elimu ya watoto wa rika la kubalehe, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona. Ushiriki uliofungamana zaidi na maendeleo mazuri ulikuwa ule wa kuzungumza na kijana kuhusu thamani ya elimu, kuunganisha anachosoma na maisha anayoyataka, na kupanga naye mbinu na hatua za mbele. Kusaidia kazi za nyumbani ndiko kulikokuwa na matokeo yasiyoeleweka vizuri, mara nyingine mabaya. Sehemu ya sababu ni kwamba wanaosaidiwa zaidi ni wale ambao tayari wameelemewa. Lakini sehemu nyingine ni aina ya msaada wenyewe.

Mzazi ambaye mwenyewe anaiogopa hisabati ni mfano mzuri. Erin Maloney na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya watoto wa madarasa ya mwanzo nchini Marekani, waliona kwamba watoto wa wazazi wenye hofu hiyo walijifunza hisabati kidogo zaidi na kuiogopa zaidi, lakini hilo lilitokea pale tu ambapo wazazi hao walisaidia kazi za nyumbani mara kwa mara. Ukijijua kuwa una hofu ya somo fulani, mtafutie mtu mwingine wa kumwelekeza, iwe binamu, mwanafunzi mwenzake au mwalimu, nawe ubaki na kazi ya kuhakikisha kwamba muda, mwanga na utulivu vinapatikana.

Kwa masomo mengine, kaa karibu ukiwa na shughuli yako, na akikwama mwombe akueleze swali linataka nini kwa maneno yake mwenyewe. Mara nyingi katika kueleza hugundua mahali alipokosea. Ukiona unaanza kuandika wewe, simama. Mzazi aliyeishia madarasa ya chini asijihesabu kuwa hana la kufanya hapa, kwa sababu kumwomba kijana afafanue hakuhitaji cheti, na yale mazungumzo kuhusu elimu ya nini na hatua ipi inafuata, ambayo ndiyo yaliyoonekana kuwa na nguvu zaidi, yanaweza kuongozwa na mtu asiyejua hata jina la mada inayosomwa. Wapo wahitimu wa vyuo vikuu wasiowahi kuzungumza hivyo na watoto wao.

Uthabiti na ukarimu katika nyumba moja

Kazi aliyoianza mwanasaikolojia Diana Baumrind miaka ya 1960, na kuendelezwa na watafiti wengine, inaeleza kwamba malezi hutofautiana kwa vipimo viwili vinavyoweza kwenda pamoja: kiasi cha kudai na kiasi cha kuitikia mahitaji ya mtoto. Wapo wanaodai bila kusikiliza, wapo wanaosikiliza bila kudai, na wapo wanaofanya yote mawili. Katika tafiti nyingi kundi hili la mwisho ndilo linalohusishwa na maendeleo bora zaidi shuleni, ingawa nguvu ya uhusiano huo hutofautiana kati ya jamii na jamii. Laurence Steinberg na wenzake waliongeza jambo muhimu mwaka 1992, walipoonyesha kwamba mzazi kuhudhuria mikutano ya shule na kufuatilia masomo kulisaidia zaidi pale ambapo malezi ya nyumbani yalikuwa ya aina hiyo. Kitendo kilekile cha mzazi kwenda shuleni, kijana wa nyumba moja hukiona kuwa msaada na wa nyumba nyingine hukiona kuwa upelelezi.

Kivitendo, gawa mambo katika mafungu mawili na umweleze kijana mgawanyo huo. Mahudhurio, muda wa kulala na simu kutokuwapo wakati wa kusoma ni mambo yanayoamuliwa na mzazi, na sababu zake hutolewa mara moja kwa lugha ya heshima. Aanze na somo lipi, asome peke yake au na wenzake, aandike muhtasari au achore, hayo ni yake. Orodha ya mambo yake iwe inarefuka kila mwaka. Kijana wa miaka 17 ambaye bado anapangiwa saa ya kufungua daftari atafika chuoni bila kuwahi kujiongoza, na huko hakuna atakayempangia.

Ukitaka kuonana na mwalimu, mwambie kijana kabla ya kwenda, na ikiwezekana awepo. Mkutano wa siri kati ya watu wazima, hata ukiwa na nia njema, hugunduliwa, na baada ya hapo atawachuja nyote wawili.

Matarajio, na uchaguzi wa njia

Matumaini makubwa ya mzazi humwinua mtoto hadi kiwango fulani. Kou Murayama na wenzake walifuatilia kwa miaka kadhaa wanafunzi wa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, na katika makala ya mwaka 2016 walionyesha kwamba matumaini ya wazazi yalikwenda sambamba na kupanda kwa alama za hisabati, isipokuwa pale ambapo wazazi walitamani kiwango kilichopita kile ambacho wao wenyewe waliamini mtoto anaweza kukifikia. Hapo alama zilielekea kushuka. Kipimo unachoweza kutumia ni kujiuliza maswali mawili kwa faragha: ninatamani apate nini, na kwa uaminifu ninaamini atapata nini? Majibu yakiachana sana, acha kuzungumzia kilele, zungumzia hatua moja juu ya alipo, na sema nawe utachangia nini ili aifikie.

Wakati wa kuchagua masomo au kozi, hatari ni ya namna nyingine. James Marcia, katika kazi yake ya mwaka 1966 juu ya namna vijana wanavyojenga utambulisho wao, alibainisha kundi la wale waliokwisha kujifunga na njia fulani, mara nyingi iliyoandaliwa na wazazi, bila kuwahi kupima njia nyingine. Kwa nje huonekana watulivu na wenye msimamo, na mzazi huweza kudanganyika kwamba uamuzi umekamilika. Ugumu hujitokeza baadaye, somo linapokuwa gumu na kijana asijue analivumilia kwa sababu gani.

Anza mazungumzo hayo angalau mwaka mmoja kabla ya siku ya kujaza fomu. Mwombe ataje njia tatu, ikiwamo moja ambayo anadhani hutaipenda, na usitoe hukumu siku hiyo. Kwa kila njia atafute mtu anayefanya kazi hiyo amuulize siku yake ya kawaida inavyokwenda, kwa kuwa vijana wengi huchagua vyeo bila kuzijua kazi. Kisha nawe uweke hofu zako mezani kama hofu zako, ukisema "naogopa utakosa ajira" badala ya "hiyo si kazi ya watu wenye akili". Masuala ya fedha yasemwe waziwazi na mapema: kiasi unachoweza kulipa, kwa miaka mingapi, na pengo litakalobaki litazibwa vipi. Wazazi wengi huficha hali ya mfuko kwa nia ya kumlinda mtoto, naye hujenga mpango juu ya fedha zisizokuwapo. Ndani ya mipaka hiyo uamuzi wa mwisho uwe wake, na autie mkono yeye.

Akija kusema anataka kuacha kabisa, usijibu swali hilo kwanza. Uliza lilianza lini na ni saa ipi ya siku ya shule anayoiona ngumu kuliko zote, kwa sababu "nataka kuacha shule" mara nyingi hubeba jambo dogo zaidi ndani yake: mwalimu anayemdhalilisha, wenzake wanaomwonea, somo moja alilopotea, aibu ya kukosa kitu. Kukiwa na dalili kwamba hapati usingizi, hataki kula, amejitenga na marafiki au anazungumzia kujidhuru, suala la masomo likae kando na atafutiwe msaada wa kitaalamu bila kuchelewa.

Uhusiano ukiwa umekwisha kuharibika

Wapo watakaosoma haya wakati kijana tayari hasemi nao ila kwa lazima. Marekebisho yanawezekana, ingawa huenda polepole na mzazi ndiye anayetangulia. Omba radhi kwa kitendo mahususi, kwa mfano kuisoma ripoti yake kwa sauti mbele ya wageni, bila kuambatanisha "lakini na wewe". Baada ya hapo, kwa wiki chache, usiulize chochote kuhusu alama; mazungumzo yawe juu ya mambo mengine anayoyajali, hata kama kwako ni ya kipuuzi. Kama yupo mtu mzima mwingine anayemwamini, usimwonee wivu wala kumgeuza mpelelezi wako. Mwache awe mahali ambapo ukweli unaweza kupita kwa sasa.

Habari ya kwanza ya shule atakayokuletea baada ya hapo inaweza kuwa ndogo sana: daftari lililopotea, jaribio alilofanya vibaya, neno kali la mwalimu. Anakupima kwa kitu ambacho hasara yake anaimudu. Isikilize hadi mwisho, uliza kama anataka ushauri au anataka kusikilizwa tu, na akisema hataki ushauri, usiutoe.